Mahali Panapokubali Kuvutwa: Mhadhara Juu ya Seli, Jeli na Sahani ya Plastiki



Nianze na sahani. Mwaka 1887 Julius Richard Petri, aliyewahi kuwa msaidizi wa Robert Koch mjini Berlin, alichapisha maelezo ya kisahani cha kioo chenye mfuniko kwa ajili ya kuotesha bakteria. Kwa bakteria kilifaa sana. Baadaye waliokuza seli za wanyama na za binadamu wakakirithi, kioo kikawa plastiki, na leo sehemu kubwa ya tunayoyajua juu ya seli zetu wenyewe imetokana na seli zilizolazwa kifudifudi juu ya polistirini. Ukakamavu wa plastiki hiyo, yaani ukaidi wake kabla haijakubali kubonyea au kunyooka, ni takribani kilopaskali milioni 3. Msuli uliotulia una kama 10. Ini la mtu mzima mwenye afya, likipimwa kwa mashine ya hospitali inayotuma mtikiso ubavuni, huwa karibu na 5. Ubongo ni laini zaidi ya hapo. Kwa hiyo seli ya ini iliyohamishiwa kwenye sahani imepelekwa mahali pagumu mara laki kadhaa kuliko kwao.

Je, seli inajali? Inajali mno, na hilo sasa halibishaniwi. Ninachotaka kukitetea jioni hii ni kitu kinachokwenda hatua moja mbele: kwamba ugumu wa mahali ni nusu tu ya habari. Seli ikizungukwa pande zote, kama ilivyo mwilini, jambo linaloamua mwenendo wake ni kama mahali hapo panakubali kubadilishwa nayo.

Ukuzaji wa seli, kwa kweli, haukuanzia kwenye kitu tambarare. Mwaka 1907 Ross Harrison alichukua kipande cha tishu ya neva kutoka kwa kiinitete cha chura, akakitundika ndani ya tone la limfu lililoganda, akatazama kwa hadubini nyuzi za neva zikichipua na kusonga mbele. Alikuwa akijibu ubishi mkubwa wa zama zake juu ya asili ya nyuzi hizo. Lakini lile donge la limfu halikuwa chombo tu. Miaka michache baadaye, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1914, Harrison alionyesha kwamba seli za kiinitete zinahitaji kitu kigumu cha kushika ndipo zitembee. Alizipa nyuzi za utando wa buibui, nazo zikajinyoosha kuzifuata. Haya yote yalikuwa mezani kabla mwaka 1914 haujaisha. Kisha plastiki ikaja, rahisi, safi, yenye kuonyesha vizuri chini ya lenzi, na swali la nini seli inashika likawekwa kando kwa miongo mingi. Sidhani walikuwa wavivu. Kitu kinachoonekana vizuri kwenye hadubini kina nguvu ya kushawishi ambayo mtafiti yeyote anaijua.

Aliyelirudisha swali hilo kwa namna isiyosahaulika ni Albert Harris. Mwaka 1980, pamoja na Patricia Wild na David Stopak, alitengeneza ngozi nyembamba mno ya silikoni, akaziweka juu yake fibroblasti, zile seli zinazosuka na kukarabati nyuzi za kolajeni mwilini. Ngozi ya silikoni ikakunjamana chini ya kila seli. Hadi hapo wengi walidhani seli huvuta kiasi kidogo tu, cha kuiwezesha kutambaa. Mikunjo ile ilionyesha nguvu kubwa kupita mahitaji ya kutambaa. Fibroblasti haikuwa inasafiri tu, ilikuwa inafanya kazi: inakaza, inapanga, inavuta nyuzi zilizo jirani.

Namna inavyofanya hivyo inaeleweka vizuri siku hizi. Ndani ya seli kuna nyuzi za aktini, na juu yake hutembea miosini. Ni jozi ileile inayofupisha misuli ya mikono yetu. Nyuzi hizi hufungamana na protini zinazopenya utando wa seli, ziitwazo integrini, ambazo kwa nje hushika kolajeni, fibronektini na nyuzi nyingine za ule wavu unaozizunguka seli, matriksi. Kati ya integrini na aktini kuna kiungo kiitwacho talini. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba talini ikivutwa hukunjuka, na ikikunjuka hufunua sehemu zilizofichika ambazo protini nyingine, vinkulini, huzinasa na kuimarisha mshiko. Hapo ndipo kipimo kilipo. Seli ikivuta kitu kigumu, mvuto hupanda haraka, talini hukunjuka kabla mshiko haujaachia, na mshiko huimarishwa. Ikivuta kitu laini, kitu kile kinafuata tu. Mshiko huachia kabla talini haijakunjuka. Seli haina jicho wala haihitaji. Inavuta, na kasi ya kupanda kwa mvuto inaiambia imeshika nini.

Habari hiyo haiishii ukingoni. Mwaka 2011 kundi la Stefano Piccolo mjini Padua, Italia, lilionyesha kwamba protini mbili, YAP na TAZ, huingia kwenye kiini cha seli iliyotanda juu ya kitu kigumu na hubaki nje ya kiini seli ikiwa juu ya kitu laini. Zikiwa ndani ya kiini, huwasha jeni za kukua na kugawanyika.

Miaka mitano kabla ya hapo, Adam Engler na Dennis Discher wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, pamoja na wenzao, walikuwa wamechapisha jaribio ambalo kila mwanafunzi wa fani hii analijua. Walizichukua seli shina za uboho, wakazikuza juu ya jeli zenye kemia ileile zilizotofautiana kwa ukakamavu tu. Juu ya jeli ya chini ya kilopaskali 1, seli zilianza kuchukua sura na alama za neva. Juu ya jeli ya kilopaskali 8 hadi 17, za msuli. Juu ya jeli ya 25 hadi 40, za seli zinazojenga mfupa. Kila kundi lilielekea kufanana na tishu yenye ugumu kama wa kitanda chake.

Ni jaribio zuri. Lakini namba zake zilipendwa kupita kiasi. Maabara nyingi zilianza kuzungumza kana kwamba kila tishu ina namba yake moja ya kilopaskali na kazi iliyobaki ni kuipatia. Na jeli zile zilikuwa tambarare. Seli iliyo juu ya jeli tambarare ina tumbo linaloshika na mgongo ulio majini. Inaweza kutanda itakavyo, hakuna kinachoizuia. Fibroblasti katika ngozi yenu haina mgongo wala tumbo. Imezungukwa, na ikitaka kunyoosha mkono lazima ipenye kati ya nyuzi, izisukume, au izikate kwa vimeng'enya. Seli zinazosafiri ndani ya kolajeni hubanwa zaidi na kiini, maana ndicho kikubwa na kigumu kuliko vyote ndani yake. Vipimo vya kundi la Peter Friedl vya mwaka 2013 vilionyesha kwamba, kama seli haiwezi kukata nyuzi, safari hukoma pale upenyo unaposhuka hadi takribani asilimia 10 ya eneo la mkato wa kiini. Juu ya sahani swali hilo halipo kabisa.

Dalili kwamba hali ya kuzungukwa inabadilisha mambo zilikuwapo mapema, na zilitoka kwa watu waliohangaika na titi. Seli za titi la panya, zikipandwa kwenye plastiki, hupoteza sura na kuacha kutengeneza maziwa. Mwaka 1977 Joanne Emerman na Dorothy Pitelka walizipanda juu ya jeli ya kolajeni. Jeli iliyobaki imeshikamana na sahani haikusaidia sana. Ile iliyong'olewa ikaachwa ielee ilisaidia: seli ziliivuta, jeli ikajikunja, na seli zikarudia sura yao na dalili za kazi yao. Kolajeni ileile, seli zilezile, chakula kilekile. Tofauti ilikuwa kwamba jeli moja ilikubali kuvutwa na nyingine ilifungwa isivutike. Mimi huliona hilo kuwa jaribio la msingi kuliko mengi yaliyokuja na vifaa vya bei kubwa.

Mina Bissell, mzaliwa wa Tehran aliyefanya kazi yake Berkeley, aliijenga hoja hiyo kwa miongo kadhaa. Mwaka 1982 alipendekeza, pamoja na wenzake, kwamba matriksi na jeni huelekezana pande zote mbili. Mwaka 1997, katika utafiti ulioongozwa na Valerie Weaver akiwa maabara yake, seli za saratani ya titi zilizokuzwa ndani ya jeli zilizuiwa integrini moja kwa kingamwili. Badala ya kujirundika ovyo, zikajipanga kuwa vifuko vya mviringo vyenye uwazi katikati, kama vya titi lenye afya, huku jeni zao za saratani zikiwa bado zimo. Mwaka 2005 Weaver na kundi lake walionyesha njia ya kinyume: seli za kawaida za titi, zikiwa ndani ya jeli inayokazwa hatua kwa hatua, hupoteza mpangilio na kuanza kuenenda kama za uvimbe. Titi la panya mwenye afya lilikuwa na takribani kilopaskali 0.2, uvimbe ulikuwa na karibu 4. Mwanamke anayejikagua na kuhisi kijidonge kigumu anakigusa kwa vidole kitu ambacho seli zake zimekuwa zikikivuta kwa muda mrefu.

Sasa naingia penye utata wenyewe, na naomba subira. Mtu akitaka kukaza jeli ya kolajeni, njia rahisi ni kuongeza kolajeni. Lakini kwa kufanya hivyo amebadilisha mambo matatu kwa mpigo: ukakamavu umepanda, matundu yamepungua, na idadi ya mahali pa kushika imeongezeka. Seli ikibadilika, sababu ni ipi? Ndiyo maana watafiti walihamia kwenye vitu ambavyo seli haina la kufanya navyo, kisha wakavipachika vishikizo. Alginati ni kimojawapo. Hutoka kwenye mwani wa kahawia. (Mwani unaoanikwa Paje na Jambiani ni wa aina nyingine, mwekundu, na hutoa karajini, wanaotafuta soko jipya kwa akina mama wa Unguja wasichanganye.) Alginati hugandishwa kwa kalisi, na hupachikwa kipande kifupi cha asidi amino tatu ambacho Michael Pierschbacher na Erkki Ruoslahti walikitambua mwaka 1984 kuwa ndicho seli hushika kwenye fibronektini. Hapo mtafiti anaweza kubadilisha kitu kimoja kwa wakati.

Matokeo yaliyofuata yalionekana kupingana. Mwaka 2010 kundi la David Mooney wa Harvard lilizifungia seli shina ndani ya alginati. Kwenye ukakamavu wa kati, takribani kilopaskali 11 hadi 30, zilielekea kwenye mfupa. Kwenye jeli laini zaidi zikaelekea kwenye mafuta. Cha ajabu ni kwamba umbo la seli halikubadilika, zote zilibaki duara, wakati juu ya sahani tulifundishwa kwamba umbo na hatima huenda pamoja. Mwaka 2013 Jason Burdick na wenzake wa Pennsylvania walitumia jeli nyingine, iliyofungwa kwa vifungo vya kudumu ambavyo seli haiwezi kuvikata. Humo seli ziligeukia mafuta kwa wingi, hata jeli ilipokazwa kiasi gani. Walipoweka vifungo ambavyo vimeng'enya vya seli huvikata, seli zikajichongea nafasi, zikavuta, zikaelekea kwenye mfupa. Ugumu uleule, hatima mbili.

Anayekariri namba atachanganyikiwa hapa. Anayeuliza kama mahali panakubali kuvutwa hachanganyikiwi. Alginati ya kalisi ina vifungo vinavyoachia na kushika upya, kwa hiyo seli, bila kukata chochote, iliweza kuvikusanya vishikizo na kuvipanga. Jeli ya vifungo vya kudumu haikuruhusu hata hilo, mpaka ilipopewa njia ya kukatwa.

Ovijit Chaudhuri na Mooney walilifungia kazi jambo hilo katika utafiti uliotoka mwaka 2016. Walitengeneza alginati zenye ukakamavu sawa wa mwanzo lakini zinazotofautiana kwa muda wa kulegea, yaani muda unaopita kabla mvuto ulioingizwa kwenye jeli haujapungua kwa nusu. Ili kuielewa tofauti hiyo, lifikirieni donge la chapati. Lililokandwa sasa hivi ukilisukuma linarudi. Lililofunikwa likapumzika linabaki pale ulipolifikisha. Ukiyabonyeza yote mawili kwa kidole kwa nukta moja, huenda usione tofauti kubwa. Tofauti inaonekana kwa anayeendelea kusukuma. Seli huendelea kusukuma na kuvuta kwa saa na siku. Katika jeli zilizolegea ndani ya takribani saa nzima, seli zilibaki duara na kukwama. Katika zile zilizolegea ndani ya takribani dakika moja, seli zilitanda, zikagawanyika, na kwenye ukakamavu wa kilopaskali 17 zikatengeneza matriksi yenye madini na kolajeni inayofanana na ya mfupa. Na ikumbukwe kwamba damu iliyoganda kwenye mvunjiko wa mfupa, mahali uponaji wenyewe unapoanzia, hulegea haraka vilevile. Ini na ubongo pia. Jeli isiyolegea, inayorudi kama mpira, haina mfano mkubwa mwilini mwetu, ila tuliitumia miaka mingi kwa kuwa hesabu zake ni nyepesi.

Mtaniuliza haya yana faida gani kwa watu wa huku. Nitawajibu kwa ini. Katika wilaya zinazopakana na Ziwa Victoria, upande wa Tanzania, Kenya na Uganda, kichocho cha tumbo bado kipo kwa wavuvi, wachota maji na watoto. Mnyoo wake hukaa kwenye mishipa ya utumbo. Mayai yasiyotoka na choo husombwa na damu hadi ini, yakakwama kwenye matawi ya mshipa unaoliingia. Mwili huyazungushia seli za kinga, kisha kolajeni, mwaka hadi mwaka, hadi matawi yale yabanwe na njia ya damu izibe. Bandama huvimba, mishipa ya koo la chakula hutanuka, na wengine hufikishwa hospitali wakitapika damu. Prazikwanteli huua mnyoo. Kovu la zamani ni habari nyingine.

Miongoni mwa seli zinazosuka kolajeni hiyo ni seli za nyota za ini, ambazo katika afya hukaa kimya zikiweka akiba ya vitamini A. Waliozitoa na kuzipanda kwenye plastiki miaka ya 1980 walizikuta zimeamka zenyewe ndani ya siku chache: zinapoteza vitamini, zinajaza aktini, zinasuka kolajeni. Zikipandwa kwenye jeli laini ya matriksi hubaki zimetulia kwa muda mrefu zaidi. Fikirieni maana yake kwa anayetafuta dawa ya kovu la ini. Akianza na seli zilizokaa plastikini, hana kundi la kulinganisha nalo; zote zimekwisha kuwa seli za kovu kabla dawa haijamiminwa. Baya zaidi, seli hukumbuka. Kundi la Kristi Anseth huko Colorado lilionyesha mwaka 2014 kwamba seli shina zilizokaa siku 10 kwenye plastiki ziliendelea kuweka YAP ndani ya kiini hata baada ya kuhamishiwa kwenye jeli laini, wakati zilizokaa muda mfupi ziliitoa. Chupa za seli zinazosafirishwa kutoka maabara hadi maabara zina historia ambayo haiandikwi kwenye lebo.

Kwa vipande vidogo vya utumbo vinavyokuzwa ndani ya jeli, ambavyo Toshiro Sato na Hans Clevers walivionyesha mwaka 2009, hadithi ni ileile kwa upande wa furaha. Jeli iliyotumika hutolewa kwenye uvimbe wa panya, na kila fungu hutofautiana na jingine. Matthias Lutolf na wenzake wa Lausanne walitafuta jeli ya kutengenezwa, mwaka 2016, wakagundua kwamba seli shina za utumbo hupenda jeli kakamavu kiasi ili ziongezeke, kisha huhitaji jeli hiyohiyo ilainike ndipo zijipange kuwa utumbo mdogo. Jeli moja isiyobadilika haikutosha kwa safari nzima.

Wenye viwanda vya dawa hawakusubiri tumalize mabishano. Kwa kuwa uvimbe na kovu ni vigumu, walishambulia ugumu. Simtuzumabu, kingamwili dhidi ya kimeng'enya kinachofunga nyuzi za kolajeni, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa kovu la mapafu na la ini, haikuonyesha faida. Kimeng'enya cha kuyeyusha asidi ya hialuroni kwenye saratani ya kongosho kilifika hatua ya 3 ya majaribio, na mwaka 2019 kikashindwa kurefusha maisha ya wagonjwa. Kabla ya hapo, mwaka 2014, makundi mawili yaliyofanya kazi kwa panya yalikuwa yamepunguza seli zinazosuka kovu la kongosho yakitarajia saratani idhoofike. Saratani ilizidi ukali, na panya walikufa mapema.

Maoni yangu, na wapo wanaonipinga, ni kwamba majaribio hayo yalichukua ugumu kuwa namba moja ya kupunguzwa. Kukata vifungo vya kolajeni hupunguza ukakamavu, lakini pia hupanua matundu ambayo kiini cha seli ya saratani kilikuwa kikikwama, na hubadilisha muda wa kulegea kwa namna ambayo hakuna aliyeipima kwa wagonjwa wale. Ile mashine ya hospitali inayotuma mtikiso ubavuni hupima ukakamavu, si muda wa kulegea. Kwa sasa, kipande cha tishu kilichotolewa kwa upasuaji kinaweza kuwekwa kwenye kipimo cha maabara, kikabonywa, kikashikiliwa hapohapo, na mvuto ukarekodiwa unavyoshuka. Kazi hiyo huchukua dakika chache, haina gharama kubwa, na inaweza kufanywa katika chuo chochote chenye idara ya uhandisi iliyo jirani na hospitali. Ini lenye kovu la kichocho, ambalo kovu lake limezunguka mishipa huku tishu ya katikati ikibaki karibu na hali yake, lingefaa sana kuanza nalo.